Namna ya kuweka stopu-losi kwenye hisa za Marekani, kwa sisi tunaotredi jioni tukiwa Kampala

Kuna mama anauza nyanya pale Nakasero, mimi mteja wake wa siku nyingi, na stopu-losi nimeielewa kwake kuliko kwa video yoyote ya mtandaoni. Asubuhi fungu lina bei yake na hataki mjadala. Ikifika saa kumi anaanza kulegeza, jioni sasa ndo utamsikia anakuita mwenyewe, ssebo njoo, anakupa mafungu mawili kwa pesa ya moja. Siku moja nikamuuliza, mama mbona unauza kwa hasara? Akanicheka sana. Akasema hiyo hasara alishaihesabu tangu alfajiri wakati anateremsha makreti kwenye lori, kwa sababu kesho nyanya itakuwa maji. Shida ya sisi watu wa hisa ni kwamba nyanya ikioza inanuka, hisa ikioza hainuki, inakaa tu kwenye simu na rangi yake nyekundu na wewe kila siku unajiambia itarudi.

Stopu-losi ndo hiyo hesabu ya alfajiri. Ni oda unamwachia broka, yule wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, mapema: hisa hii ikishuka mpaka bei fulani, uza, usinisubiri. Ifikirie kama mtego wa panya. Umetegwa, umelala, haufanyi kitu mpaka panya akanyage. Umenunua hisa kwa dola 48 ukatega 44.80, bei ikicheza 47, 46, 45 hakuna kinachotokea. Ikigusa 44.80 au ikipita chini yake mtego unafyatuka na oda ya kuuza inaingia sokoni.

Na hapo ndo wengi wanapotea, kwa sababu kufyatuka kwa 44.80 siyo kuuza kwa 44.80. Stopu ya kawaida ikishafyatuka inageuka kuwa oda ya soko, maana yake inauza kwa bei yoyote iliyopo dakika hiyo. Siku ya kawaida, hisa yenye wanunuzi wengi, utapata 44.79 au 44.76, hakuna neno. Lakini kampuni ikitangaza matokeo mabaya usiku na soko likafungua kesho yake kwa 41, utauziwa kwenye hiyo 41. Zile bei za katikati, 44, 43, 42, hazikuwepo kabisa, soko limeziruka kama boda anavyoruka shimo. Wenyewe wanaita gepu. Aprili 2022 Netflix walitangaza soko likiwa limeshafungwa kwamba wamepoteza wateja, kesho yake hisa ikaanguka karibu asilimia 35 kwa siku moja. Aliyekuwa ametega asilimia 10 chini aliuziwa mbali sana na hapo alipotega, na broka wake hakuwa na kosa lolote.

Ndo maana kuna aina ya pili, stopu-limiti, yenye bei mbili. Ya kwanza ya kufyatua, ya pili ni ile ya chini kabisa unayokubali. Unasema fyatua kwa 44.80 lakini usiuze chini ya 44.30. Inasikika tamu, si ndio? Sasa rudi kwenye ile asubuhi ya 41. Mtego unafyatuka, oda inaingia, inatafuta mtu wa kununua kwa 44.30, hakuna, inakaa pale inangoja na wewe bado umeshika hisa inayoendelea kuzama 40, 38, 36. Kwangu mimi stopu-limiti kama ulinzi wa hasara ni kama askari wa getini anayekataa kukufungulia nyumba ikiungua kwa sababu hujaonyesha kitambulisho. Kwa kutokea natumia stopu ya kawaida karibu siku zote.

Nasema karibu, kwa sababu 24 Agosti 2015 ipo. Siku hiyo soko la Marekani lilifungua vibaya mno, fahirisi ya Dow, kipimo cha jumla cha bei za hisa kubwa za huko, ikapoteza karibu pointi 1,100 katika dakika za mwanzo, na mifuko mingi ya ETF, ile inayobeba hisa za kampuni nyingi na yenyewe inauzwa sokoni kama hisa, ikashuka kwa muda mfupi chini sana kuliko thamani ya hisa zilizomo ndani yake. Stopu za kawaida zikafyatuka kwa mafungu zikauza pale chini kabisa, alafu bei nyingi zikapanda tena kabla hata saa chache hazijapita. Mwenye stopu-limiti siku hiyo alipona. Kwahiyo kila moja ina siku yake ya kukuumiza, wewe chagua maumivu unayoyaweza.

Sasa kutega kwenyewe. Kitu nataka ushike kuliko vyote ni mpangilio, maana karibu kila mtu anaanza kinyume. Anaamua kwanza nanunua hisa za dola 500, ananunua, alafu ndo anaanza kujiuliza stopu niweke wapi, na kwa vile tayari pesa ni nyingi anaibana stopu karibu karibu ili hasara ionekane ndogo, kesho bei inapumua kidogo tu anatolewa nje, keshokutwa hisa inapanda bila yeye. Anza na stopu. Idadi ya hisa itajileta yenyewe.

Fungua chati uangalie miezi mitatu minne iliyopita. Tafuta pale ambapo bei imeshuka ikagonga ikarudi juu, ikagonga tena ikarudi. Kwa mfano wetu wa hisa ya 48 tuseme imegonga 45 na kidogo mara tatu. Ikivunja hapo, ile sababu iliyokufanya ununue imekufa, kwahiyo stopu inakaa chini kidogo ya hapo. Na usiweke 45.00 kamili. Namba za duara kila mtu anaziweka, oda zinarundikana pale kama taksi Old Taxi Park, na bei inapenda kuzigusa alafu irudi. Weka 44.80, weka 44.83, namba isiyo na mvuto.

Alafu pima pumzi ya hisa. Kuna kipimo kinaitwa ATR, alikitoa J. Welles Wilder mwaka 1978, kwa kawaida kinahesabu siku 14 na kinakwambia hisa hii kwa wastani inatembea dola ngapi kwa siku. Apu nyingi za chati wanayo bure. Kama ATR ni dola 1.50 na wewe umetega senti 80 chini ya bei, hujaweka stopu, umenunua tikiti ya kutolewa nje kesho asubuhi. Watu wengi wanatumia mara mbili ya ATR kuanzia. Hapa mara mbili ni dola 3, toa kwenye 48 unapata 45, na chati ilishatuambia chini kidogo ya 45. Vipimo viwili vikikutana hivyo mimi natulia. Vikipishana sana naiacha hiyo hisa, hisa ziko nyingi.

Sasa hesabu ya idadi. Umbali kutoka 48 mpaka 44.80 ni dola 3.20 kwa kila hisa. Akaunti yako tuseme ina dola 1,000 na umeamua kwenye dili moja hupotezi zaidi ya asilimia 1.5, ambayo ni dola 15. Gawa 15 kwa 3.20, inakuja 4.68, chukua 4. Usipandishe iwe 5, shusha. Unanunua hisa nne, dola 192, na stopu ikifyatuka vizuri unapoteza dola 12.80 na komisheni kama ipo. Najua, hisa nne zinaonekana kama aibu mbele ya jamaa anayesema ameingia na elfu nzima. Huyo wa elfu nzima amenunua hisa 20, kwa stopu ile ile anapoteza dola 64, asilimia 6.4 ya akaunti kwa kosa moja tu. Na ile gepu ya 41 ikija wewe umepoteza dola 28, imeuma lakini chai unakunywa, yeye amepoteza dola 140. Umeona kazi ya idadi? Stopu haiwezi kukulinda na gepu, kinachokulinda na gepu ni kununua kidogo.

Kwenye skrini ya broka ni dakika mbili lakini hizo dakika mbili zimeliza watu. Ukishanunua, na hisa zikaonekana kwenye akaunti, bonyeza kuuza, sio kununua. Kwenye aina ya oda usiache ile iliyojichagua yenyewe, fungua orodha uchague stopu. Ukikosea ukachagua limiti ukaandika 44.80 wakati bei iko 48, broka anaelewa unataka kuuza kwa 44.80 au zaidi, na 48 ni zaidi, kwahiyo anakuuzia papo hapo. Utabaki unatazama simu hisa zimeenda wapi. Kosa la pili ni kuandika bei ya stopu juu ya bei ya sasa, hapo ama oda inakataliwa ama inafyatuka palepale. Jaza idadi ya hisa zote ulizonunua, na kama una vipande vya hisa, nusu au robo, angalia kwanza, baadhi ya mabroka hawakubali stopu kwenye vipande.

Kuna kisanduku cha muda wa oda na hapa nina kidonda. Kinakuwa na chaguo mbili kubwa, ya siku moja, imeandikwa Day, na ile ya kudumu mpaka uifute, herufi GTC. Mwaka wangu wa kwanza sikujua tofauti. Nikanunua Jumatatu, nikatega vizuri kabisa, nikajisikia mtaalamu, nikaenda zangu Mbale kwenye msiba siku nne. Oda ilikuwa ya Day. Jumatatu usiku soko lilipofungwa ikafa, Jumanne hisa haina mlinzi, Jumatano ikaanguka na mimi niko matangani sina habari, najua mtego upo. Hakuna wa kumlaumu, mkono ni wangu. Tangu hapo naweka GTC, na hata GTC siyo ya milele, kila broka ana kikomo chake, kwa wengine siku 90, kwa hiyo nina kumbukumbu kwenye kalenda ya simu ya kuzikagua kila mwanzo wa mwezi. Ukishathibitisha, nenda kwenye orodha ya oda zilizo wazi uione kwa macho, aina, bei, idadi, muda. Kama haipo pale basi haipo.

Saa nazo ujue. Soko la Marekani linafungua saa 3:30 asubuhi ya New York na kufunga saa 10 jioni yao. Kwetu, kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba, hiyo ni saa kumi na nusu jioni mpaka saa tano usiku, na miezi ya baridi yao inasogea saa moja, saa kumi na moja na nusu mpaka saa sita usiku. Sisi saa zetu hazibadiliki, wao ndo wanazihamisha. Na kwa mabroka wengi stopu inafanya kazi ndani ya saa hizo tu. Ile biashara ya kabla ya kufungua na baada ya kufunga, bei inaweza kupita kwenye mtego wako na mtego usisikie, ndo gepu inapozaliwa. Kwahiyo kabla ya siku ya matokeo ya kampuni, ambayo inatangazwa mapema, jiulize kama unataka kulala na hiyo hisa. Mimi kama sijapata faida ya kutosha napunguza nusu au natoka.

Watu wananiulizaga, je umeme ukienda? Bundle ikiisha? Swali zuri, na jibu ni kwamba stopu hailali kwenye simu yako. Hata kwenye soko lenyewe hailali siku hizi, NYSE, soko la hisa la New York, waliacha kupokea stopu tangu Februari 2016, baada ya ile Agosti niliyoisema. Inalala kwenye kompyuta za broka, yeye ndo anaangalia bei na kupeleka oda ikifika. Kumbuka Januari 2021, uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13 mpaka 18. New York ilikuwa inafanya kazi tarehe 14 na 15 kama kawaida na wewe huku hata ujumbe wa WhatsApp hauendi. Aliyekuwa na stopu kwa broka alikuwa na mtu kazini. Aliyekuwa na stopu ya kichwani, ile ya "nitauza ikifika hapo", alikuwa na nia nzuri tu. Na hata intaneti ikiwepo stopu ya kichwani ni ngumu sana, maana ikifika hapo unaanza kuongea nayo, ngoja kidogo, labda kesho. Nimeongea na hisa sana mimi, haijawahi kunijibu.

Sheria ya kuisogeza ni fupi. Stopu inapanda, haishuki. Hisa ikitoka 48 ikafika 54 ikajenga sakafu mpya 51, futa ya 44.80 weka 50.70, sasa hata ikianguka umetoka na faida. Kuishusha kutoka 44.80 mpaka 42 "kuipa nafasi" ni kufuta hesabu yote tuliyofanya juu, ile hasara ya dola 12.80 inakuwa 24 na hukuamua, imekuamulia hofu.

Kama huna muda wa kusogeza kwa mkono kuna trelingi stopu, inajisogeza. Unaweka asilimia 10 mfano. Hisa ikifika 60 stopu iko 54, ikifika 70 iko 63, ikishuka inabaki pale pale ilipofika. Nzuri kwa hisa inayopanda taratibu na mtu aliye dukani kutwa nzima. Mbaya kwa hisa inayoruka ruka, itakutoa katikati ya safari. Na asilimia usiiokote tu hewani, ile ATR irudie hapa pia.

Ukitaka kuweka na bei ya faida juu, mfano uza ikifika 58, pamoja na stopu chini, mabroka wengi watakataa oda mbili za kuuza kwenye hisa zile zile nne. Tafuta aina inayoitwa OCO, moja ikitekelezwa nyingine inafutika. Na siku ukiamua kuuza kwa mkono, futa stopu. Ikibaki inaning'inia kwenye akaunti ya mkopo, ile broka anakukopesha, inaweza kufyatuka wiki mbili baadaye na kuuza hisa ambazo huna, ukajikuta umeshoti, yaani umeuza hisa za kukopa, kitu ambacho hukukusudia. Wale wanaoshoti kwa makusudi stopu yao ni ya kununua na inakaa juu ya bei, hesabu ni ile ile imepinduliwa, sitakaa hapo.

Sasa lile swali la MTN. Kila nikielezea haya kuna ndugu mmoja atasema yeye ana hisa za MTN Uganda tangu zile za shilingi 200 za mwaka 2021, au Airtel za shilingi 100 za 2023, au Stanbic za siku nyingi, anataka kutega stopu. Kwenye USE, soko letu la hisa la Uganda, mambo ni tofauti. Biashara ni nyembamba, kuna hisa zinaweza kumaliza siku nzima bila mtu kununua hata moja, na stopu ya kawaida inahitaji mtu upande wa pili. Mtego ukifyatuka soko halina mnunuzi, oda ya soko itakuuza kwa bei ya yule mmoja aliyejitokeza, na yeye anajua yuko peke yake. Hata hizo hisa kubwa, ukitaka kutoka kwa haraka na mzigo mkubwa wewe mwenyewe ndo utaishusha bei.

Kwa hizo mimi nafanya hivi. Napanga bei yangu ya kutokea kwenye daftari, siku ya kununua, naandika na sababu. Naangalia bei jioni mara moja. Ikifika, nampigia broka wangu, na hakikisha broka wako ana leseni ya CMA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, namuuliza kwanza upande wa wanunuzi una hisa ngapi na kwa bei gani, ndo naweka oda ya limiti karibu na hapo, na naigawa, hisa kidogo leo kidogo kesho. Inaweza kuchukua wiki. Kwahiyo hisa za nyumbani nanunua kiasi ambacho hata zikikaa miezi sita bila mnunuzi, pesa ya ada ya shule ya watoto haijaguswa, na ile hesabu ya dola 15 naiachia New York.